Jicho la Pili: Daktari Anapohakiki Kazi ya Daktari Mwenzake

Katika maabara ya patholojia ya hospitali ya rufaa, bahasha kutoka hospitali nyingine ni jambo la kila juma. Ndani yake huwamo slaidi chache za kioo, nakala ya ripoti, na barua fupi ya daktari wa upasuaji yenye ombi moja: sampuli hii isomwe upya. Chukulia bahasha moja ya namna hiyo. Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 42 mwenye uvimbe katika titi la kushoto. Ripoti ya kwanza inasema uvimbe huo ni saratani iliyokwisha kupenya katika tishu za jirani. Siku ya kuliondoa titi imepangwa, nayo ni Alhamisi ijayo. Daktari bingwa aliyeipokea bahasha anaweka slaidi chini ya hadubini, anaitazama kwa kituo, anairudia, na saratani hiyo haioni. Chini ya ripoti ipo saini ya mtu aliyemfundisha kusoma slaidi.

Kazi ya mtaalamu kuhakikiwa na mtaalamu mwenzake si jambo la patholojia peke yake. Picha za eksirei na za CT husomwa na jicho la pili. Kamati za mapitio ya vifo vya wajawazito hupitia majalada ya wodi. Madaktari wanaotathmini ulemavu wa wafanyakazi walioumia kazini hupitiwa na wenzao pale asilimia waliyoiandika inapopingwa. Patholojia inafaa kutumika kuwa mfano kwa sababu ushahidi wake haupotei. Slaidi iliyosomwa leo yaweza kusomwa tena baada ya miaka ishirini, na kilichokuwapo siku ya kwanza kikawa bado kipo. Kwa hiyo katika fani hii haiwezekani kujificha nyuma ya maneno "mgonjwa alikuwa na hali nyingine siku ile".

Daktari huyo yuko kati ya hatari mbili. Akinyamaza kwa heshima ya mwalimu wake, mwanamke atapoteza titi pasipo sababu. Akipaza sauti naye akawa ndiye aliyekosea, saratani ya kweli itaachwa ikue, na jina la mtu aliyefanya kazi yake sawasawa litakuwa limechafuliwa.

Kabla ya kulitamka neno kosa

La kwanza halihusu nani amekosea. Ni kumpigia simu daktari wa upasuaji na kumwambia kwamba uchunguzi bado haujakamilika, hivyo upasuaji usubiri. Kuahirisha upasuaji wa titi kwa siku chache hakubadilishi sana hali ya mgonjwa mwenye saratani, lakini titi lililoondolewa halirudishwi. Katika simu hiyo hakuna haja ya kusema kwamba ripoti ya kwanza ni mbovu, kwa kuwa wakati huo hakuna anayejua kama ni mbovu.

La pili ni kusoma namba. Namba iliyochorwa kwenye kioo ilinganishwe na iliyo kwenye ripoti, kisha na iliyo kwenye bloku ya nta ambamo kipande cha tishu kimehifadhiwa. Hatua hii huonekana ya kikarani, na pengine ndiyo sababu wataalamu wengi huiruka, hali sehemu ya hitilafu zinazogunduliwa katika uhakiki haina uhusiano wowote na elimu ya magonjwa. Wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana wamefika kliniki siku moja. Vipande vyao vimepita katika mikono ile ile, katika beseni lile lile la maji ya vuguvugu. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, msomaji wa kwanza aliisoma slaidi barabara, ila ilikuwa ya mtu mwingine. Hapo kuna mgonjwa wa pili wa kutafutwa haraka, yule ambaye pengine ameambiwa yu mzima.

La tatu ni kuuliza msomaji wa kwanza alikuwa na nini mkononi. Je, fomu ya maombi ilieleza umri, muda wa uvimbe na matokeo ya picha ya titi, au iliandikwa maneno mawili tu? Alipewa vipande vingapi? Katika titi ipo hali isiyo ya saratani iitwayo adenosisi yenye makovu. Vijifereji vya tezi hubanwa na makovu hadi seli zake huonekana zikitambaa ovyo, kama zifanyavyo seli za saratani. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni tabaka la seli za mayoepithelia linalozunguka kila kijifereji: katika adenosisi lipo, katika saratani iliyopenya halipo. Rangi za kawaida za maabara, hematoksilini na eosini, hazilionyeshi tabaka hilo kwa uwazi kila mara. Huonekana vizuri zaidi kwa rangi zinazotumia kingamwili, kama ile ya p63. Maabara yenye dawa hiyo hulimaliza shauri kwa siku moja au mbili. Maabara isiyo nayo hubaki na macho ya daktari na uzoefu wake.

Hakimu wa kazi ya mwenzake asimpime kwa vifaa asivyokuwa navyo, wala kwa habari zilizopatikana baadaye. Anayejua mwisho wa kisa huona kila dalili ilikuwa wazi tangu mwanzo, na hapa ndipo uhakiki mwingi unapogeuka dhuluma pasipo mhakiki mwenyewe kutambua. Swali la haki ni hili: daktari mwenye ujuzi wa kawaida, akiwa na slaidi ile, fomu ile na vifaa vile, angesoma nini?

Na la nne, ambalo watu wenye vyeo hulipata kwa taabu, ni mhakiki kujishuku mwenyewe. Slaidi ipelekwe kwa mtu wa tatu pasipo kumwambia wa kwanza alisema nini wala wa pili anawaza nini.

Tofauti, kosa, na ukiukaji

Maneno haya matatu huchanganywa sana katika mazungumzo ya hospitalini. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti ambao wanapatholojia 115 walisomeshwa slaidi za titi, na majibu yao yakalinganishwa na yale yaliyokubaliwa na jopo la mabingwa watatu. Penye saratani iliyopenya, walikubaliana na jopo kwa asilimia 96. Penye seli zenye mabadiliko ya kutia shaka, ambazo si salama kabisa na bado si saratani, makubaliano yalishuka hadi asilimia 48. Maana yake ni kwamba katika eneo hilo la katikati, mtaalamu kutofautiana na mabingwa ni jambo la kawaida kama kutupa shilingi. Hiyo ni tofauti ya maoni. Mhakiki anayeiandikia barua ya malalamiko tofauti ya namna hiyo hajaielewa fani yake.

Kosa ni jambo jingine: kitu kilikuwapo, kilionekana kwa vifaa vilivyokuwapo, na wataalamu wengi wangekiona, lakini hakikusemwa. Makosa humpata kila mtu anayefanya kazi. Mtu anayesoma slaidi sabini kwa siku kwa sababu ndiye mwanapatholojia pekee katika kanda nzima atakosea mara nyingi zaidi kuliko anayesoma ishirini, na dawa ya kosa hilo haipatikani katika kumkaripia.

Ukiukaji wa viwango vya taaluma hauhusu kutoona. Unahusu mwenendo. Ripoti imetiwa saini na slaidi haijawahi kuwekwa chini ya hadubini. Matokeo yamebadilishwa baada ya malalamiko kufika, pasipo kuandika kwamba yamebadilishwa. Daktari anatoa hukumu katika tawi asilosomea huku akijitambulisha kuwa bingwa wake. Anafika kazini amelewa. Amepokea fedha ili asilimia ya ulemavu ipande, au ishuke. Hapa mhakiki hana tena hiari ya kumaliza mambo kwa simu, na jambo hili litarudiwa mbele.

Somo kutoka kwenye makohozi

Utaratibu mmoja uliopangwa vizuri wa kuhakiki kazi ya mwenzako ulienea katika maabara ndogo za kifua kikuu, zenye hadubini moja na dirisha linalotazama jua, wakati mahospitali mengi makubwa yalikuwa bado yanaliacha jambo hili kwa busara za watu. Tanzania ina sehemu yake katika historia ya udhibiti wa ugonjwa huo: mpango wake wa taifa, ulioanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na Dkt. Karel Styblo, ulikuwa kielelezo kilichoigwa na nchi nyingi. Upimaji wa makohozi kwa hadubini ulikuwa uti wa mgongo wa mpango ule, na ilibidi pawepo njia ya kujua kama wapimaji wanaona sawasawa.

Njia iliyokuja kukubaliwa kimataifa huenda hivi. Slaidi huchaguliwa kutoka katika rejesta ya maabara kwa bahati nasibu, wala mpimaji hachagui zile anazojivunia. Hupelekwa kwa msomaji wa pili ambaye hajui jibu la kwanza. Majibu yakitofautiana, slaidi haihesabiwi kuwa kosa la mpimaji wa kwanza. Huenda kwa msomaji wa tatu, naye ndiye anayeamua ni nani kati ya wale wawili aliyekosea. Mara nyingine aliyekosea ni mhakiki. Ipo sababu ya kimaabara inayofanya hivyo kutokea: rangi nyekundu inayotumika kuwatia wadudu wa kifua kikuu hufifia ikikaa katika joto na unyevu, hivyo slaidi iliyokuwa na wadudu wazi miezi mitatu iliyopita yaweza kuonekana tupu kwa anayeihakiki leo. Kwa hiyo slaidi hutiwa rangi upya kabla ya kuhukumiwa. Hakuna mpimaji wa zahanati anayestahili kuitwa mzembe kwa sababu mhakiki wake alitazama kioo kilichopauka.

Makosa yenyewe hupangwa kwa uzito. Slaidi yenye wadudu kumi au zaidi katika nyuga mia moja za hadubini ikiitwa haina, hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa mgonjwa anayeambukiza amerudishwa nyumbani kwa watoto wake. Slaidi yenye wadudu wachache, chini ya kumi katika nyuga hizo, ikikosewa, hilo ni kosa dogo. Wadudu wachache hivyo wanaweza kumponyoka hata mtu makini. Kosa la kuzidisha au kupunguza daraja la wingi huandikwa peke yake. Msimamizi akifika katika maabara iliyoonekana na makosa makubwa, huanza kwa hadubini, dawa za rangi na idadi ya slaidi kwa siku, ndipo ayafikie macho ya mpimaji. Lenzi yenye ukungu imewahi kulaumiwa kwa jina la binadamu mara nyingi mno.

Siku hizi vipimo vya vinasaba vinachukua nafasi ya hadubini, na utaratibu huu haufanyiki kwa upana ule wa zamani. Ingekuwa hasara ukisahauliwa.

Jicho la pili linapokuwa mwangwi

Yanayotokea pale uhakiki unapokosekana, au unapokuwa wa jina tu, yalionekana katika jimbo la Ontario, Canada. Dkt. Charles Smith alikuwa mwanapatholojia wa watoto katika hospitali kubwa ya watoto mjini Toronto, na kwa miaka mingi vifo vya watoto vilivyotia shaka vilipelekwa kwake. Hakuwa amepata mafunzo rasmi ya patholojia ya kisheria, ile inayochunguza vifo kwa ajili ya mahakama. Mwaka 1991 hakimu mmoja alimwachia huru msichana aliyeshtakiwa kwa kifo cha mtoto mdogo aliyekuwa akimlea, naye katika hukumu yake akaikosoa vikali kazi ya daktari huyo. Onyo hilo halikumwondoa kazini, wala waliokuwa juu yake hawakuagiza kazi zake zipitiwe. Aliendelea kuchunguza vifo na kutoa ushahidi kwa takriban miaka kumi zaidi.

Moja ya kesi hizo linahusu uhakiki moja kwa moja. Mwaka 1994 William Mullins-Johnson alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua mpwa wake mdogo. Uchunguzi wa maiti ulifanywa na mwanapatholojia mwingine. Smith aliombwa atoe maoni ya pili. Aliyathibitisha. Mabadiliko ya kawaida yanayoupata mwili baada ya kufa yalikuwa yamesomwa kama alama za kunyongwa na kunajisiwa, na maoni ya pili, badala ya kuwa kizuizi, yaliliongezea kosa uzito wa daktari mwenye jina. Sampuli zilizodhaniwa zimepotea zilipatikana baadaye katika ofisi ya Smith. Wataalamu wengine walipozisoma hawakuona dalili ya uhalifu. Mwezi wa Oktoba 2007 Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilimfutia Mullins-Johnson hatia, akiwa amekaa gerezani miaka kumi na miwili.

Mapitio rasmi yaliyoagizwa mwaka 2005 na Mchunguzi Mkuu wa Vifo wa jimbo hilo yalifanywa na wataalamu watano wa nje ya Ontario. Walipitia kesi 45. Katika 20 kati ya hizo hawakukubaliana na maoni ya Smith, ama katika ripoti ama katika ushahidi mahakamani. Tume iliyoongozwa na Jaji Stephen Goudge ilitoa taarifa yake mwezi wa Oktoba 2008, nayo haikuishia kwa mtu mmoja. Ilieleza kwa urefu jinsi viongozi waliokuwa juu yake walivyoendelea kumkingia kifua huku ishara zikiongezeka. Mwaka 2011 leseni yake ilifutwa.

Msomaji wa pili anayejua tayari wa kwanza alisema nini, anayemheshimu, na anayefanya kazi katika ofisi yenye matarajio yale yale, ni mwangwi. Ndiyo maana wapimaji wa makohozi hufichwa jibu la kwanza. Katika maabara ya patholojia jambo hili halidai gharama yoyote: karani aitoe ripoti ndani ya bahasha na kuiweka kwenye droo, mhakiki asome kioo na fomu ya maombi tu, aandike jibu lake na kutia tarehe, ndipo droo ifunguliwe. Hata hivyo ni maabara chache zinazofanya hivyo kila mara.

Simu kwa mwalimu

Sasa turudi kwenye bahasha ya mwanamke mwenye uvimbe wa titi. Namba zimelingana. Mtu wa tatu ametazama na kusema kwamba naye haoni saratani, lakini hawezi kuapa. Hatua inayofuata ni kuzungumza na aliyetia saini, kabla ya kuandika neno lolote la kupinga. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, ambako mwanafunzi wa jana humwamkia mwalimu wake hadi uzeeni, simu hii huahirishwa hadi ikachelewa. Au huepukwa kabisa, na ripoti mpya ikapelekwa kimyakimya, mwalimu akaja kuisikia kliniki kutoka kwa muuguzi. Adabu ya namna hiyo ni matusi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Daktari. Habari za huko?"

"Njema, Profesa. Nimepokea slaidi za yule mama wa titi la kushoto. Kabla sijaandika lolote, ningeomba tuitazame pamoja. Nashuku ni adenosisi, lakini sina uhakika."

Kimya kidogo. "Umeona nini hasa?"

"Umbo la vijifereji, Profesa, limekaa kwa mafungu ukiliangalia kwa mbali. Je, hapo kwenu mlikata vipande vingine? Na bloku mnayo?"

"Tulikata kimoja tu. Na p63 imetuishia. Bloku nitakutumia kwa basi la asubuhi. Ukipata jibu, lolote liwalo, nipigie kwanza mimi."

Katika maneno hayo hakuna mtu aliyedai kuwa mwenzake amekosea. Mhakiki ametaja alichokiona, akauliza kuhusu mazingira, akaomba ushahidi zaidi. Heshima ya shikamoo haikumzuia kusema, wala kusema hakukuivunja.

Maandishi nayo yana adabu yake. Ripoti ya uhakiki hueleza kilichoonekana, vipimo vilivyoongezwa, na pale inapotofautiana na ripoti ya kwanza husema hivyo kwa sentensi moja. Haisemi "uzembe", haisemi "inashangaza", haifundishi. Ripoti ya kwanza haichanwi wala haifutwi katika kompyuta; maabara iliyoitoa huongeza ripoti iliyorekebishwa yenye tarehe, jina la aliyerekebisha na sababu, na zote mbili hubaki katika jalada. Anayesoma jalada baada ya miaka mitano anapaswa kuona kwamba jibu lilibadilika na lilibadilika kwa sababu gani.

Na kliniki, mbele ya mgonjwa, daktari ajihadhari na ulimi. Swali la mzaha kama "Nani huyo alikwambia una saratani?" hutoka mdomoni kwa sekunde mbili, nalo hukaa katika familia kwa miaka. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli wote: kwamba majibu mawili yametofautiana, kwamba kipimo cha ziada kimeonyesha hivi, kwamba matibabu yamebadilika. Kejeli juu ya daktari mwingine si sehemu ya ukweli huo.

Mambo yasiyomalizwa kwa simu

Simu ya kirafiki ina mipaka. Ikiwa bahasha ya tatu ndani ya miezi miwili inatoka kwa mtu yule yule ikiwa na kosa kubwa la namna ile ile, mhakiki hashughuliki tena na slaidi moja. Wapo wagonjwa wengine ambao bahasha zao hazikuletwa. Taarifa iende kwa maandishi kwa mkuu wa idara na kwa kamati ya ubora ya hospitali, ikiwa na namba za sampuli na yaliyoonekana, bila kukisia nia ya mtu. Kamati ndiyo yenye uwezo wa kufanya asichoweza mtu mmoja: kuchagua kwa bahati nasibu sehemu ya kazi za mwaka mzima na kuzisomesha upya kwa watu wasiojua majibu.

Penye ukiukaji wa mwenendo, hasa udanganyifu au ulevi kazini, idadi haihesabiwi. Mara moja inatosha. Kwa Tanzania Bara, chombo chenye mamlaka juu ya usajili na nidhamu ya madaktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na wataalamu wa maabara wana baraza lao. Mhakiki anayefika huko anapeleka ushahidi. Kuhukumu si kazi yake. Asiusambaze katika makundi ya WhatsApp ya madaktari, hata kwa kuficha jina, kwa kuwa fani ni ndogo na kila mtu anajua hospitali gani ina mwanapatholojia gani.

Jambo jingine linalopaswa kusemwa waziwazi ni maslahi ya mhakiki mwenyewe. Anayemiliki maabara binafsi mtaa mmoja na maabara anayoihakiki, aliyegombea cheo na mtu huyo, aliyewahi kushtakiwa naye, au aliye jamaa yake, akatae kazi hiyo mapema na kueleza sababu. Wengi hudhani kwamba kutokuwa na chuki moyoni kunatosha. Hakutoshi, kwa maana anayehakikiwa hana njia ya kuuona moyo huo. Kwa upande mwingine, kamati za mapitio ya vifo vya wajawazito hufanya kazi bila kutaja majina wala kulaumu, nazo hufanya hivyo kwa sababu nzuri: mkunga anayeogopa kufukuzwa hataandika saa halisi aliyomwita daktari. Lakini kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya makosa. Aliyebadilisha saa katika jalada baada ya mama kufariki hakuwekewa kinga.

Mgonjwa anayetaka kusomwa upya

Mgonjwa aliyepewa jibu zito anaweza kuomba sampuli yake isomwe na jicho la pili, na daktari mwenye utu hachukizwi na ombi hilo. Wakati unaofaa zaidi ni kabla ya upasuaji mkubwa au kabla ya dawa za saratani kuanza. Aombe slaidi zenyewe au bloku, kwa kuwa ripoti peke yake haitoshi: mtu hawezi kuhakiki slaidi kwa kusoma maelezo ya aliyeisoma kabla yake. Bloku za nta huhifadhiwa maabara kwa miaka, na kipande kipya kikikatwa, bloku hubaki. Aandike namba ya maabara iliyo juu ya ripoti, kwani ndiyo hufuatwa zaidi kuliko jina. Akiambiwa kwamba bloku haionekani, aombe jibu hilo kwa maandishi.

Bloku ya mwanamke yule ilifika kwa basi Jumanne mchana. Vilikatwa vipande vitatu vipya, kimoja kikatiwa rangi ya p63. Jumatano asubuhi tabaka la seli za mayoepithelia lilionekana limezunguka kila kijifereji, la kahawia, halina pengo. Mwanafunzi alimpigia mwalimu kwanza, kama alivyoombwa. Ripoti iliyorekebishwa ilitoka hospitali ya kanda siku hiyo hiyo ikiwa na saini ya profesa, na kitanda cha Alhamisi katika chumba cha upasuaji alipewa mgonjwa mwingine.